Pikipiki ya 125 haiwaki baada ya kubadilisha ringi nyumbani: anzia wapi?

Swali la msomaji: Nina pikipiki ya Kichina yenye injini ya CG125. Ilikuwa inawaka vizuri, ila inatoa moshi wa bluu na kula oili. Nikashusha silinda mwenyewe nyumbani, nikaweka ringi mpya na gasketi mpya ya hedi, nikaosha kabureta, nikaseti tapeti kwa kuhisi na vidole. Tangu niifunge haijawaka. Napiga kiki mpaka nachoka, mara mojamoja inapiga "pa!" kwenye kabureta, basi. Plagi nikiitoa naona moto. Fundi wa jirani anasema CDI imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli?

Jibu:

Usinunue CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoamuru plagi itoe moto, ndugu yangu. CDI iliyokufa haitoi moto, na yako inatoa. Isitoshe, pikipiki iliingia uani ikiwaka na CDI hukuigusa. Vilivyoguswa ni vinne: ringi, hedi, tapeti na kabureta. Tatizo lako karibu hakika liko kwenye kimojawapo, na utalipata kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), bomba la sindano na kijiko kimoja cha oili.

Ule mlio wa "pa!" unasema mengi. Maana yake petroli imefika ndani, hewa imeingia na plagi imewasha. Ila moto umekuta njia ya kurudi kwenye kabureta iko wazi, badala ya kufungiwa ndani na kuisukuma pistoni chini. Sababu kubwa ni mbili. Ama valvu ya kuingiza haifungi kabisa, ama mchanganyiko ni mwembamba mno, petroli kidogo na hewa nyingi, hivyo unawaka polepole hadi valvu inapofunguka tena. Ipo ya tatu, moto kutoka wakati usio wake, lakini hiyo ningeishuku tu kama ulitoa magneti (gurudumu la sumaku linalotengeneza umeme) na ufunguo wake mdogo wa chuma ukakatika au ukawekwa vibaya. Hukusema uliitoa, kwa hiyo iweke kando.

Tapeti kwanza

Kuseti tapeti kwa vidole ndiyo kosa ninaloliona waziwazi kwenye maelezo yako. Nafasi ya tapeti, yaani mwanya kati ya roka (mkono unaoibonyeza valvu) na valvu yenyewe, kwenye injini ya CG125 ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku mzima. Kidole hakiwezi kutofautisha 0.08 na sifuri. Na ikiwa sifuri, au ikiwa imebana hata kidogo, valvu haikai kwenye kiti chake. Kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, inavuja na moto unarudi kwenye kabureta. Ndiyo dalili yako hiyo.

Toa plagi ili injini izunguke kwa wepesi. Fungua kifuniko cha roka, na upande wa kushoto fungua kifuniko cha magneti. Zungusha nati ya magneti kwa spana ya boksi kinyume cha saa, ndivyo injini inavyozunguka ukiitazama kutoka kushoto. Macho yawe kwenye roka ya valvu ya kuingiza, ile ya upande wa kabureta. Itashuka, kisha itapanda. Ikishapanda, endelea kuzungusha polepole hadi alama ya T kwenye magneti ikae sawa na alama ya bodi. Hapo pistoni iko juu kabisa ikiwa imemaliza kugandamiza, na roka zote mbili ziwe na mchezo mdogo zikitikiswa.

Wengi hukosea hapa. Alama ya T inapita mara mbili kwa kila mzunguko kamili wa kazi wa injini: mara moja mwisho wa kugandamiza, mara nyingine mwisho wa kutoa moshi. Ile ya pili valvu zote mbili ziko wazi kidogo. Ukiseti tapeti hapo utaacha nafasi kubwa mno. Injini itagonga kama cherehani na valvu hazitafunguka vya kutosha. Na usidhani moto wa plagi utakusaidia kutofautisha, kwa sababu kwenye mfumo huu plagi inapiga moto kila krenki inapozunguka mara moja, hata pale ambapo hakuna cha kuwasha. Kipimo cha kweli ni roka ya kuingiza: imeshashuka, imeshapanda, ndipo T inakuja.

Kama seti yako ya fila geji haina 0.08, tumia mbili: ya 0.05 ipite kirahisi, ya 0.10 igome kupita au ipite kwa kubanwa sana. Karatasi ya printa ina unene wa karibu 0.1, lakini inalainika kwa oili na kukudanganya, usiitegemee. Ukishapata nafasi sahihi, shikilia skrubu isizunguke huku unakaza nati yake, halafu pima tena. Nati ina tabia ya kuivuta skrubu, na nafasi uliyoipata inapotea mkononi mwako.

Ukiwa hapo, zungusha injini mizunguko miwili kamili na utazame roka zote mbili zikishuka na kupanda. Moja ikiwa haisogei au inasogea kidogo kuliko mwenzake, kijiti cha kusukuma roka hakijakaa kwenye kikombe chake, ama chini ama juu. Hutokea sana hedi inaporudishwa na mtu mmoja bila wa kushikilia vijiti. Hakuna ujanja hapo, legeza hedi urudishe.

Una bahati moja. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976 waliipa vijiti vya kusukuma, na kamu (kile kinachoamuru valvu zifunguke lini) inaendeshwa kwa gia ndani ya bodi ya chini, bila cheni. Kwa hiyo kushusha silinda hakuharibu taimingi ya kamu. Anayesoma hapa mwenye Boxer au TVS HLX asijifariji kwa maneno haya: injini hizo zina cheni ya taimingi inayopanda hadi kwenye hedi, na ukishatoa hedi lazima alama ya T ya magneti na alama ya gia ya kamu zirudi mahali pake kwa pamoja. Jino moja likiruka, itawaka kwa shida na haitakuwa na nguvu. Yakiruka zaidi, valvu zinaweza kugonga pistoni. Zungusha kwa mkono mizunguko miwili kabla ya kugusa kiki. Ikikwama mahali, simama papo hapo, usilazimishe.

Kompresheni

Tapeti zikiwa sawa, zima swichi, ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, shika resi hadi mwisho na mwombe mtu apige kiki. Kidole kirushwe kwa nguvu. Kama unaweza kukizuia kirahisi, kompresheni ni ndogo. Mwenye geji atarajie psi 140 na zaidi. Chini ya 100, kuiwasha kwa kiki ni kazi ya kubahatisha. Resi iwe wazi kabisa, la sivyo hewa haiingii na geji itasoma uongo. Watu wengi wamefungua injini nzima kwa sababu ya kusahau hilo.

Ikiwa ndogo, tia kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini kupitia tundu la plagi, piga kiki mara tano kuisambaza, pima tena. Ikipanda sana, uvujaji ni wa ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi.

Kupanda kwa oili kunaweza kuwa habari njema. Ukifunga silinda na ringi mpya zikiwa kavu, halafu ukapiga kiki mara mia na petroli ikiingia bila kuwaka, petroli inaosha ule utando wa oili uliobaki na ringi haziwezi kuziba. Wakati mwingine kijiko hicho hicho kinatosha: injini inashika, inatoa moshi mzito kwa dakika chache, inatulia.

Lakini kama kompresheni inapotea tena kila oili ikishuka, basi yakumbuke haya ya ringi. Kwanza saizi. Tazama juu ya pistoni: STD (saizi ya kiwandani), au namba 25, 50, 75, 100, yaani silinda imeshachongwa kwa milimita 0.25 na kuendelea. Ringi lazima ziwe za namba hiyo hiyo. Ringi ya STD ukiiweka kwenye silinda iliyochongwa 0.25, mwanya wake unaongezeka kwa karibu milimita 0.8, na hewa yote inapita hapo. Mwanya sahihi kwa silinda hii ya milimita 56.5 ni takriban 0.15 hadi 0.35, unaupima kwa kuingiza ringi peke yake ndani ya silinda, kuisukuma iwe sawa kwa kutumia kichwa cha pistoni, kisha kupitisha fila geji. Pili, upande wenye herufi unatazama juu. Tatu, mianya ya ringi isikae kwenye mstari mmoja. Itawanye theluthi ya duara kila mmoja. Nne, maandishi ya IN juu ya pistoni yaelekee kabureta. Na ukumbuke kama kuna wakati silinda iligoma kushuka ukaipiga ngumi kidogo: mara nyingi hapo ndipo ringi inapovunjika, na hutajua mpaka ufungue.

Isipopanda kwa oili, legeza skrubu za tapeti zote mbili nusu mzunguko na upime tena. Sasa hakuna kinachozisukuma valvu. Kompresheni ikirudi, tapeti zako zilikuwa bado zimebana, rudia kuzipima. Isiporudi, kuna kitu kwenye kiti cha valvu au kwenye gasketi. Ukikwangua masizi ya hedi, vipande vyake huanguka kwenye tundu la valvu na kukaa pembeni ya kiti. Kipande kidogo kuliko chembe ya mchele kinatosha kuifanya valvu isizibe. Kwenye karakana yenye kompresa jibu linapatikana mara moja: pistoni ikiwa juu mwisho wa kugandamiza, gia imeingizwa na breki ya nyuma imeshikwa ili isizunguke, pulizia hewa kwenye tundu la plagi usikilize. Mlio ukitokea kwenye kabureta, ni valvu ya kuingiza. Kwenye ekzosi, valvu ya kutoa. Kwenye tundu la kujazia oili, ringi. Povu la sabuni likichemka kwenye mshono wa hedi, ni gasketi.

Kwa gasketi, nati za hedi zikazwe kwa kuvukana, za pembe zinazotazamana, kwa awamu tatu, na zifikie takriban Nm 20 kwenye spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Kukaza moja hadi mwisho kisha nyingine ndiko kunakopinda hedi. Kabla ya kufunga tena, weka rula ya chuma juu ya uso wa hedi. Fila geji ya 0.10 isipite chini yake mahali popote. Na gasketi iliyokwisha kubanwa mara moja, hata kama ni ya juzi, usiirudishe.

Kipimo cha petroli kidogo

Kompresheni ikiwa nzuri na bado haiwaki, chukua bomba la sindano, vuta mililita moja ya petroli safi, itie kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, piga kiki. Futa petroli iliyomwagika nje kwanza, na sigara iwe mbali. Ikishika sekunde mbili kisha ikazima, injini yote ni nzima na kosa liko kwenye kabureta. Ikibaki kupiga "pa!" bila kushika, rudi kwenye valvu. Ikiwa kimya kabisa, nenda kwenye moto.

Kwa kabureta, anza na rahisi. Legeza skrubu ya chini ya bakuli: petroli itiririke bila kukatika. Ikitoka kidogo kisha ikawa matone, koki imeziba, au tundu la hewa la mfuniko wa tangi limeziba. Fungua mfuniko wa tangi ujaribu tena. Kama uliosha kabureta kwa mafuta ya taa, ondoa yote yaliyobaki kwenye bakuli, maana injini baridi haiwaki kwa mafuta ya taa.

Halafu jeti ya silo, ile ndogo nyembamba. Tundu lake ni dogo kuliko nusu milimita, na ndilo linalolisha injini wakati wa kuwaka na kusaga taratibu. Ukiishika dhidi ya mwanga lazima uone nukta ya duara safi. Kama huoni, imeziba, hata kama umeiosha mara ngapi. Tumia unyuzi mmoja wa waya wa shaba wa umeme na hewa ya pampu. Usitumie sindano wala waya wa breki. Utalipanua tundu, na kuanzia siku hiyo pikipiki itakunywa petroli. Skrubu ya hewa iingize hadi mwisho bila kukaza, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu.

Slaidi, ile pistoni ndogo ya kabureta inayovutwa na waya wa resi, nayo ina upande wake. Ile sehemu iliyokatwa chini inatazama ea klina, na mfereji wake unaingia kwenye kipini kidogo ndani ya kabureta. Ikigeuzwa haikai chini. Resi inabaki imefunguka na choki haifanyi kazi. Ukiachia resi, usikie "tak" ya slaidi ikigonga chini.

Kati ya kabureta na hedi kuna manifoldi, kile kipande cheusi cha kuzuia joto na oringi zake. Oringi iliyosahaulika mezani, au iliyopasuka, inaingiza hewa isiyopita kwenye kabureta, mchanganyiko unakuwa mwembamba, na hapo unapata tena ule mlio wako wa "pa!". Paka povu la sabuni kwenye mishono na upige kiki, likinyonywa, umelipata. Wakati uko hapo, hakikisha hakuna kitambaa kilichobaki ndani. Ni jambo la kawaida mtu kuziba tundu la manifoldi au la ekzosi kwa tambara ili uchafu usiingie, kisha akafunga juu yake.

Moto, kwa ufupi

Una moto, kwa hiyo nasema machache. Plagi ya injini hii ni aina ya D8EA, mwanya wake milimita 0.6 hadi 0.7. Unapoijaribu nje, bodi ya plagi iguse chuma cha injini sawasawa, mbali na tundu la plagi, kwa kuwa mvuke wa petroli unaotoka hapo unaweza kuwaka. Usipige kiki kofia ya plagi ikining'inia hewani bila plagi. Umeme unaokosa pa kwenda huumiza koili na CDI, na hapo ndipo maneno ya fundi wa jirani yatakapotimia. Moto mzuri ni wa bluu na unasikika. Ukiwa mwekundu na dhaifu, badilisha plagi kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo ya bei ndogo.

Siku ukikosa moto kabisa baada ya kushusha tangi, tazama nyaya ulizozichomoa. Kwenye pikipiki nyingi zinazofuata rangi za Honda, kijani ni arthi, nyeusi yenye mstari wa njano inakwenda koili, nyeusi yenye mstari mwekundu inaleta umeme wa magneti kwenye CDI, na nyeusi yenye mstari mweupe ndiyo ya kuzimia. Kwenye CDI inayolishwa na magneti, chomoa hiyo nyeusi-nyeupe: moto ukirudi, kosa liko kwenye swichi au waya wake. Kwenye CDI inayotumia betri jaribio hilo halikuambii kitu. Arthi ya koili chini ya tangi nayo ifungwe kwenye chuma kisafi, si juu ya rangi.

Kuiwasha

Kiki ulizokwisha kupiga zimejaza petroli ndani. Funga koki, toa plagi, shika resi yote, zima swichi na piga kiki mara kumi kutoa unyevu. Tia kijiko cha oili kama hukutia. Pima kiwango cha oili kwenye kijiti chake. Ikinuka petroli, imwage yote na uweke mpya, lita moja hivi, maana oili iliyochanganyika na petroli itakula ringi mpya katika safari ya kwanza. Weka plagi kavu, fungua koki, subiri nusu dakika bakuli lijae, weka choki, usiguse resi, piga kiki moja ndefu hadi chini badala ya nyingi fupi fupi.

Usiisukume wala kuivuta kwa kamba kabla ya kuthibitisha tapeti na upande wa pistoni. Kiki ikikutana na kitu kigumu inasimama, ila pikipiki inayosukumwa na watu wawili haisimami, na valvu ndiyo itakayopinda.

Ikiwaka, iache isage dakika mbili tatu tu, kisha iendeshe kwa mwendo wa kupanda na kushuka bila mzigo. Kuiacha ikisaga nusu saa mahali pamoja hakuzikalishi ringi. Ikilala usiku, pima tapeti tena kwa 0.08 asubuhi kabla hujaiwasha, kwa kuwa gasketi mpya imeshabanwa na nafasi ya jana huenda si ya leo. Moshi wa bluu ukiendelea baada ya kilomita mia chache, kapime silinda kwa maikromita ya ndani: ringi mpya ndani ya silinda iliyolika kuwa yai hazitaziba, na hapo dawa ni kuchonga na kuweka pistoni ya saizi inayofuata.